Tanki Lililofurika Wakati wa Misa

Siku hizi ukimwita fundi Niyibizi nyumbani kwako pale Bugarama, usishangae akikataa kupanda ngazi. Utamwonyesha tanki linavyomwaga, utamwonyesha boya, utamsimulia na yale aliyosema fundi wa kwanza, naye atatikisa kichwa tu. Kisha atakuuliza swali lililokwisha kuwatisha watu wengi: "Katika nyumba hii, kuna bomba lolote alilolijua marehemu peke yake?" Mama mmoja alimtimua kwa swali hilo, akidhani amejiletea mganga badala ya fundi. Wengine wanasema uzee unamwingia mapema. Hapana, jamani. Swali hilo lina historia yake, na si historia ya kuchekesha.

Niyibizi alivuka mto Ruvubu mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, wakati watu wa Burundi walipokuwa wakikimbia kuokoa roho zao. Ufundi aliupatia kambini, miaka ile ya tisini na nne, alipokuwa kibarua wa kubeba mabomba ya wakimbizi wenzake. Wengine walibeba mabomba, yeye alibeba na kuangalia. Miaka ilipita, kambi zikafungwa, naye akawa fundi wa kutajwa kuanzia Bugarama hadi Kaniha. Mtu wa kuja hana ukoo wa kumsimamia kwenye kikao; ana kazi ya mikono yake na jina lake, basi. Niyibizi alilijua hilo, akalichunga jina lake kama mtu mwenye mbuzi mmoja.

Ila alikuwa na ugonjwa, na ni ugonjwa wa mafundi wengi, tusifichane. Asipoliona tatizo, hakuweza kutamka neno "sijui". Neno hilo lilimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Angesema lolote, mradi aondoke pale akiwa bado fundi.

Sasa njoo kwa Mama Odeta. Huyu ni mjane, Mkatoliki wa kuzaliwa, mtu wa kukaa benchi la mbele kigangoni tangu mabenchi hayo yalipochongwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Gervasi, na Gervasi alimwoa Ineza, binti wa Nyakahura, wazazi wake wakiwa watu wenye asili ya Burundi, tena Wasabato. Mama Odeta hakupenda. Lakini kijana alikuwa amependa, na mama akimpenda mwanawe hujifunza kumeza. Alimeza. Akazaliwa mjukuu wa kike, Iradukunda, na kumeza kukawa rahisi zaidi.

Kisha Gervasi akaanguka na pikipiki njia ya Nyakahura, akafa palepale. Alizikwa nyumbani kama desturi ilivyo, kati ya mnara wa tanki la maji na migomba. Mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Matanga hayajamaliza hata mwezi tangu kuanuliwa, tanki likaanza vituko. Kila Jumapili, watu wakiwa misani, lilifurika. Maji yaliteremka kwenye matofali ya mnara, yakashika njia moja kwa moja hadi kaburini. Udongo ukatitia, msalaba ukainama. Halafu katikati ya wiki, tanki hilohilo lililomwaga Jumapili lilikutwa tupu, linalia kama ngoma. Na kila Jumapili, nyumbani pale alibaki mtu mzima mmoja tu: Ineza, kwa kuwa yeye alikwisha kusali Jumamosi.

Umeshaelewa maneno yalivyoanza. Yalianza chini chini, kisimani na kwenye jumuiya. Kwamba binti anafungulia maji makusudi. Kwamba anamwosha mumewe atoke ardhini upesi ili aolewe tena. Na siku za kazi je? Siku za kazi anawagawia maji watu wake. Watu gani? Hapo hakuna aliyejibu, lakini umbea haudaiwi majibu.

Niyibizi aliitwa mara ya kwanza, akabadilisha boya, lile linaloelea na kufunga maji tanki likijaa. Jumapili ikafuata, tanki likafurika. Akaitwa mara ya pili. Akapanda, akachungulia, akalisukuma boya chini na juu, likafanya kazi vizuri. Akalizunguka tanki akitafuta ufa, hakuna. Akashuka akijipangusa mikono. Mama Odeta alikuwa chini anangoja, ameshika kiuno.

"Fundi, niambie ukweli. Tatizo ni nini?"

Hapo ndipo pa kusema sijui. Lakini Niyibizi akasema, "Mama, boya ni jipya na tanki ni zima. Tanki haliwezi kufurika Jumapili na kukauka Jumatano lenyewe. Hapa kuna mkono wa mtu." Akacheka kidogo, akapakia spana zake kwenye baiskeli, akaenda zake. Ulimi hauna mfupa. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshasahau alichosema.

Mama Odeta hakusahau.

Miezi ilikwenda. Ijumaa moja, mzee Renatus, mdogo wa marehemu mume wa Odeta, alimfuata Niyibizi nyumbani kwake. Alikaribishwa, akakaa, akakataa hata maji ya kunywa.

"Fundi, Jumapili saa nane tuna kikao kwa shemeji yangu. Utakuja."

"Kikao cha nini, mzee?"

"Cha yule binti. Anarudi kwao Nyakahura. Mtoto anabaki, mtoto ni wetu. Wewe huna kazi kubwa, utarudia tu yale uliyomwambia shemeji kwamba tanki halina kosa, ni mkono wa mtu. Wewe ndiye fundi, na ni mtu wa asili yao. Ukisema wewe, hata wazazi wake hawatabisha."

Mgeni alipoondoka, Niyibizi alibaki amekaa, kikombe mkononi. Mkewe Esperansia alikuwa anachambua maharage pembeni, na alikuwa amesikia yote.

"Ulimwona akifungulia maji?"

"Sikumwona."

"Basi ulisema nini?"

"Nilisema tu."

"Ulisema tu," Esperansia akarudia, akaendelea na maharage yake. Afadhali angefoka. Mwanamke akinyamaza namna ile, mwanamume hupaona nyumbani pake padogo. Niyibizi alimfikiria yule mtoto wa miaka minne akinyang'anywa mama yake kwa sababu ya sentensi aliyoitupa akiwa anafunga mzigo wa baiskeli. Moyo ulimuuma, ukamuuma kwelikweli. Usingizi wa siku hiyo hakuupata, wala wa Jumamosi.

Jumapili hakwenda misani. Kengele ya kigango ilipolia, yeye alikuwa anaingia uani kwa Mama Odeta.

Alimkuta Ineza amekaa juu ya mkeka katikati ya uwanja, juani, miguu ameinyoosha, mikono miwili ameiweka mapajani, viganja juu. Mtoto alikuwa anacheza na magunzi kando yake. Hakuwa anachambua kitu, hakuwa anasuka, hakuwa anafanya chochote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa juani hivyo?"

"Hapa ndipo panapoonekana ukiwa barabarani," Ineza akasema. "Kila Jumapili nakaa hapa hadi warudi. Nilifikiri mtu akipita ataiona mikono yangu, atasema sikugusa koki. Lakini hakuna anayepita. Wote wako misani."

Hebu fikiria: Jumapili baada ya Jumapili, mwanamke kijana, mjane, ameianika mikono yake juani kama mahindi, na hakuna hata mtu mmoja wa kuiona. Na wa kulaumiwa ni nani? Alikuwa amesimama mbele yake na mfuko wa spana.

Hawakungoja sana. Misa ilipofika katikati, juu ya mnara bomba la kumwagia maji yaliyozidi likakohoa, likaanza kutema. Ineza alikuwa palepale mkekani. Hakugeuka hata kutazama.

Niyibizi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliifunga kabisa koki inayopeleka maji ya mradi wa kijiji juu tankini, akaikaza kwa spana, akapanda. Boya lilikuwa limeelea juu, limefunga. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa kuingizia maji: mkavu. Hakuna tone lililoingia kwa juu. Na maji yalizidi kupanda. Akazamisha mkono hadi begani. Maji ya juu yalikuwa na uvuguvugu wa jua, ya chini yalikuwa ya baridi, na ile baridi ilikuwa inasukuma kiganja chake. Akaomba pumba kidogo. Ineza akamletea kwenye bakuli, na hiyo ndiyo mara pekee aliyoondoka mkekani. Niyibizi alizinyunyiza, akazikoroga zizame, akaangalia. Pumba zilipanda kutoka chini, pale penye tundu la kutolea maji, zikatapakaa juu kama uji unaoanza kutokota.

Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango wa kutokea.

Niyibizi alishika ukingo wa tanki kwa mikono miwili. Alikumbuka.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Gervasi alimwita akamwambia, "Fundi, mke wangu anabeba ndoo kila maji ya tanki yakiisha. Nataka bomba la jikoni kwake lipate maji ya mradi moja kwa moja, na mradi ukikatika lipate ya tanki." Niyibizi alimfanyia. Aliunganisha mabomba mawili kwa tii moja, kiungio chenye midomo mitatu, chini ya ardhi, karibu na mnara. Kazi kama hiyo inataka valvu ya njia moja, inayoruhusu maji ya tanki kushuka na kuyakataa ya mradi kupanda. Siku hiyo hakuwa nayo. Akaweka koki ya kawaida kwenye kijisanduku cha matofali, akamwambia Gervasi, "Wiki ijayo naileta valvu. Kwa sasa, maji ya mradi yakija, funga hii. Yakikatika, fungua." Wiki ijayo ikawa mwezi. Kazi zikamwita Kaniha. Gervasi naye hakuwa mtu wa kusumbua watu. Kila asubuhi alipita pale, akainama, akafunga, akaenda kazini. Kisha akafa, siku ambayo mradi ulikuwa umekatika na koki ikiwa wazi. Niyibizi hakuwepo mazishini, alikuwa Kaniha bado. Wachimba kaburi walirundika udongo juu ya kijisanduku, baadaye wakausawazisha, na hapo ndipo siri ilipozikwa pamoja na mwenyewe.

Siku za kazi kila mtu Bugarama anakinga maji, nguvu ya mradi inakuwa ndogo, na maji ya tanki yanateremkia kwenye bomba la watu hadi kuisha. Jumapili wakati wa misa koki zote za kijiji zimefungwa, nguvu inapanda, inayasukuma maji juu kupitia tundu la chini. Hakuna mkono wa Ineza hapo. Hakuna mkono wa marehemu.

Alishuka, akakaa chini ya mnara, maji yakimlowanisha mgongo, akawaza. Nisiwe mnafiki nikuambie aliwaza mema tu. Aliwaza kusema boya lilikuwa bovu. Lakini boya alilisifu yeye mwenyewe mara mbili, nani angemwamini? Wangesema Mrundi anamtetea Mrundi mwenzake, na Ineza angeondoka kesho yake asubuhi. Aliwaza pia kukaa kimya. Yalibaki maneno ya aina moja tu ambayo hayapingwi kikaoni, nayo ni ya mtu anayejitia hatiani. Mtu hajisingizii. Na baada ya hapo nani atamwita tena fundi? Mficha uchi hazai, alijiambia. Akachukua jembe lililoegemea ukuta, kisha akalirudisha. Huchimbi kando ya kaburi la watu bila wenyewe kuwepo.

Saa nane kikao kilikaa. Wazee sita kwenye viti, Mama Odeta kwenye kigoda, Ineza chini na mtoto mapajani. Mzee Renatus akaeleza shauri, akamalizia, "Fundi yupo. Fundi, tuambie ulichokiona."

Niyibizi akasimama. Alivua kofia.

"Nilisema hapa kuna mkono wa mtu. Ni kweli upo. Mkono wenyewe ni huu." Akauinua wa kulia.

Renatus akakunja uso. "Una maana gani? Usituletee mafumbo."

"Sina fumbo, mzee. Bomba linalofurisha tanki nililiunganisha mimi, na marehemu Gervasi ndiye aliyeniomba. Niliacha kazi nusu. Niliahidi valvu sikuileta. Mlipomwita fundi, alikuja yuleyule aliyeharibu, akaangalia juu, hakuangalia chini, akamsingizia mtoto wa watu. Naombeni jembe, na naombeni ruhusa ya kuchimba hatua tatu kutoka kaburini. Nisipokuta koki pale, nifukuzeni mimi Bugarama, sio yeye."

Wazee walitazamana. Aliyetoa ruhusa ni Mama Odeta, kwa kichwa tu.

Alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Udongo ulikuwa tope la Jumapili zote zile. Jembe likagonga tofali. Akaendelea kwa mikono, akafukua kijisanduku, na juu yake mfuniko wa ndoo ya rangi ambao yeye hakuuweka. Akaufuta kwa kiganja. Mtu alikuwa ameukwaruza kwa msumari, herufi kubwa zilizopinda: FUNGA MRADI UKIJA. INEZA ASIKOSE MAJI.

Mzee Renatus alisoma kwa sauti, akaishia katikati.

Mama Odeta aliinuka, akauchukua ule mfuniko, akapitisha kidole kwenye herufi. Huo ulikuwa mwandiko wa Gervasi, ile N yake ya kugeuka nyuma ambayo mwalimu alimchapia miaka mitatu asibadilike. Mama hakulia. Aliukumbatia mfuniko na tope lake, akaingia nao ndani, akafunga mlango. Niyibizi akaifunga koki mbele ya wazee, akaomba radhi kwa Ineza, akaomba tena kwa Kirundi. Ineza alisema, "Nimesikia, fundi." Renatus akakohoa, akasema kikao kimekwisha, kila mtu akatafuta viatu vyake. Hakuna mwingine aliyemwomba Ineza radhi. Wakubwa, wakikosea, huona aibu kuliko watoto.

Habari ilitembea upesi kuliko yeye na baiskeli yake. Wiki ile watu watatu walimwambia wameshapata fundi mwingine. Alikubali. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumapili iliyofuata alirudi na valvu ya njia moja, aliyoifuata Biharamulo mjini mwenyewe. Kengele ilikuwa imelia, misa ilikuwa imeanza. Tanki lilikuwa kavu pembeni, bila tone. Kaburi lilikuwa limejazwa udongo mpya, msalaba umesimama.

Na katikati ya uwanja, juani, Ineza alikuwa amekaa juu ya mkeka, mikono mapajani, viganja juu.

Niyibizi alisimama. "Mwanangu, inuka. Yamekwisha. Wote wanajua si wewe."

"Najua, fundi," Ineza akasema. "Lakini mama hajaniambia kitu. Nangoja arudi aone."

Niyibizi akachukua spana zake. Akaenda kwenye kijisanduku, akapiga magoti, akaanza kufungua koki ya zamani. Alikuwa anazungusha tepu kwenye meno ya bomba aliposikia hatua langoni. Alikuwa Mama Odeta, na kitenge chake cha misani, anahema. Baraka ya mwisho ilikuwa bado. Nyimbo zilikuwa zinasikika kutoka kigangoni. Mwanamke yule hakuwahi maishani mwake kutoka misani kabla ya padri.

Alisimama akimtazama mkwewe. Kisha akavua viatu, akaja akakaa mkekani kando ya Ineza, polepole, kwa sababu ya magoti yake. Akaichukua ile mikono miwili, akaigeuza viganja chini, akaifunika kwa yake.

"Nimekutesa, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Jumapili zote hizo, mimi nikipokea komunyo."

Ineza ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha Gervasi na cha yote yaliyofuata, mtoto akaacha magunzi akaja kumshika shingo. Mama Odeta alilia naye. Walikaa hivyo hadi watu walipoanza kupita barabarani wakitoka kanisani, na safari hii waliona.

"Inuka tukapike," Mama Odeta akasema mwishowe. "Ndizi zipo, na hata hazijamenywa."

Wakaingia jikoni watatu. Fundi Niyibizi hakuambiwa karibu chakula, wala hakutegemea kuambiwa. Alikaza valvu, akafungulia maji ya mradi, akaweka sikio kwenye bomba na kusikiliza. Kule jikoni koki ilifunguliwa, maji yakatoka. Akakusanya spana zake, akaondoka.